Pembe ya Kushoto

Nina hasira za karibu. Mume wangu, ambaye alihamishiwa Bariadi kikazi nami nikamfuata, husema mimi ni jiko la gesi, ukinigusa tu nimewaka. Kwa hiyo siku ile mzee wa kijiji cha Nkololo alipoitazama kazi yangu ya siku mbili na kusema, "Huyu simjui," nilijua nitakosa adabu. Na nikakosa.

Nilikuwa na stesheneri mjini. Nilitengeneza kadi za harusi, kalenda, mabango ya misiba na fulana za vikundi. Kava la albamu ya muziki sikuwahi kutengeneza hata moja. Mteja wangu alikuwa binti wa huyo mzee, mwimbaji wa ngoma za mavuno, mwanamke mwenye sauti ya kukufanya uweke chini ulichoshika. Albamu yake ya kwanza alikwenda kuirekodi Mwanza, na gharama za studio zilitoka kwa ng'ombe dume wa baba yake, wa kukokota plau, aliyepelekwa mnadani. Wimbo mkuu ulikuwa wa kumsifu dume huyo.

Mzee alitoa sharti moja tu. Dume aonekane kwenye kava, na yeye mwenyewe akimwona amtambue. Asipomtambua, binti asithubutu tena kuimba kwa jina la nyumba yake. Binti aliponieleza hayo alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, nikajua hatanii.

Picha ya dume haikuwepo. Hakuna mtu pale kwao aliyewahi kuwaza kumpiga picha. Mchapaji naye alitaka faili kabla ya saa kumi jioni ya siku ya pili, la sivyo albamu zisingewahi ngoma za msimu ule.

Kwanza nilikwenda njia ya mkato. Nilichukua dume mmoja mtandaoni, ana nundu ya kupendeza na ngozi inayong'aa, nikamweka katikati ya kava. Mzee akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Binti akanieleza taratibu kwamba huku watu wakimwona ng'ombe wanamsoma rangi, nundu na masikio, na wanajua katoka zizi la nani. Baba yake akionekana na ng'ombe wa watu, ataulizwa kampata wapi. Nikamfuta yule dume haraka kana kwamba nimeshikwa naye.

Tukaanza upya, safari hii kwa kuchora. Mzee alieleza kwa Kisukuma, binti akanitafsiria. Mweusi. Tumbo jeupe. Baka jeupe kwenye bega la kulia. Mkia umepungua nywele. Kila baada ya maneno machache mzee alijigusa kichwa kwa kiganja, juu ya sikio la kushoto. Nilimwona, nikadhani anawashwa.

Mimi napenda vitu vilingane. Nilichora pembe moja nzuri sana, nikainakili, nikaigeuza, nikaipachika upande wa pili. Ndipo mzee akasema, "Huyu simjui," na mimi nikawaka.

"Baba, hii ni picha tu! Haiendi kulima!"

Alichukua kofia yake mezani, akatoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, kwa sababu baba yangu mzazi nisingethubutu kumwambia vile.

Binti hakumfuata. Alibaki anatazama kioo cha kompyuta.

"Mdogo wangu," nikasema, "baba anataka nini? Mbona anajishika kichwa?"

"Pembe ya kushoto haipo, dada. Ilivunjika."

"Na muda wote huu hukuniambia?"

"Niliivunja mimi."

Wakati huo binti alikuwa na miaka kumi. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya madume na kamba mkononi, baba yake ameshika plau nyuma. Siku hiyo alikuwa anaimba, akawapitisha karibu mno na kisiki. Pembe ikanasa, kamba ikavutwa, ikavunjika. Baba yake hakumpiga. Hakusema chochote, si siku ile wala baadaye, na ukimya huo ndio aliokua nao.

"Nikasema kwenye kava langu, angalau hapo, awe mzima," akasema.

Nilikuwa na la kumfokea, nikaliacha. Niliifuta ile pembe yangu nzuri, nikachora kipande kilichobaki, kifupi, chenye ncha iliyochanika. Kisha nikatoka mwenyewe nje. Mzee alikuwa kwenye benchi la fundi viatu. Nikapiga goti, nikamwomba radhi.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu, "simama, twende."

Alisimama mbele ya kompyuta, akamkagua dume toka pembe mpaka mkia.

"Ee," akasema. "Huyu wetu."

Kisha akamgeukia binti. "Nani kamwambia habari ya pembe?"

"Mimi, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akarudisha macho kwenye kioo. "Na wewe uko wapi?"

Binti akasema dume anatosha, hakuna haja. Mzee hakumsikiliza. Aliweka kidole juu ya kioo, upande wa pembe iliyovunjika, na safari hii alisema na mimi moja kwa moja, kwa Kiswahili chake cha taabu.

"Muweke hapa. Alikuwa anatembea hapa, anaimba. Huyu dume, bila yeye kuimba, alikuwa haendi."

Binti aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nikashika kipanya, nikaanza kumtafutia nafasi.