Mkeka wa Wafiwa

Ukitaka sketi ya kitenge ikukae kiunoni kama umezaliwa nayo, pale Ilomba, mjini Mbeya, utaelekezwa kwa Asukile. Utamkuta barazani, mguu kwenye cherehani, tepu shingoni, anamtania mteja: "Mama, kitenge umeleta mita mbili na mwili umeleta wa mita tatu, tufanyeje?" Mteja anacheka, kesho yake analeta mita ya tatu. Ndivyo alivyo Asukile, Mnyakyusa wa watu, mrefu, mpole, mwenye ulimi. Lakini upo mwaka ambao cherehani ile ilinyamaza hata buibui wakahamia, na akiulizwa alirudije kutoka huko, husema alirudishwa na wanawake wabishi. Hilo ni kweli tupu, na wabishi nao wana haki ya kushukuriwa.

Asukile alikuwa na mtu wake. Aliitwa Liberatus, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, Iringa. Alifanya kazi Makongolosi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Kila akipata nafasi alishuka Mbeya, akafikia chumbani kwa Asukile. Majirani walijua ni vijana wawili wanaochangia kodi, basi. Tangu ujana wake moyo wa Asukile haukuwahi kwenda kwa msichana, na hilo alilificha kama mtu anavyoficha jeraha chini ya shati: halionekani, ila ukimgusa anaruka. Kwa Liberatus peke yake hakuruka. Miaka ikaenda hivyo, na tuseme kweli, chumba kile kilikuwa na kicheko kuliko nyumba nyingi za ndoa za mtaa ule.

Kisha vumbi la mawe likamkalia Liberatus kifuani. Alikuja na kikohozi, akalala, hakurudi kazini. Asukile akamuuguza. Alimchemshia maji, akamnywesha uji, akamgeuza ubavu, akamfulia. Alimpigia simu mama wa Liberatus kule Iringa, Mama Bertha, akamwekea mwenzake simu sikioni waongee. Kichomi kikazidi, wakakimbilia hospitali, na huko Liberatus akafa. Ndugu walipofika kuchukua mwili, nesi akauliza ndugu wa marehemu ni nani. Asukile akasogea ukutani, akawapisha.

Mazishini alisimama na vijana wa karasha. Alitupa udongo wake kwa zamu ya marafiki, akanawa, akala ugali wa msiba, akarudi Mbeya siku ileile. Sasa, msiba huku kwetu una mahali pake. Mfiwa anakaa chini, watu wanaleta kuni, wanaleta unga, wanampa pole mpaka masikio yachoke. Asukile hakupewa pole na mtu. Angepewa na nani, na kwa lipi? Mpangaji mwenzake kafa, atatafuta mwingine.

Basi kile kilio ambacho hakikupata pa kukaa kikamwingia mwilini. Usingizi ukamkimbia. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Sare za shule za watoto wa watu zikalala kwenye mfuko, wazazi wakaja wakazichukua hazijashonwa, wakaondoka wakinung'unika. Nywele na ndevu zikaota ovyo. Kila kulipokucha alisikitika kwamba kumekucha. Alianza kuwaza kwamba hata yeye akiondoka, chumba kitapata mtu na dunia haitapungukiwa kitu.

Dada yake Tumpe, muuza ndizi, akaja akamkuta amejifunika gubigubi mchana.

"Mdogo wangu, wewe umerogwa."

"Sijarogwa, dada."

"Basi una pepo. Mwanaume mzima huna mke, huli, husemi, umeota manywele kama nabii. Amka twende kwenye maombi."

Akaenda, maana kubisha kunataka nguvu. Wakamwombea kwa sauti, wakamsukuma kichwa, wakamwamrisha aliye ndani yake atoke. Asukile alisikiliza akashangaa. Aliyekuwa naye alishatoka, na hilo ndilo lililokuwa linamuua.

Siku moja kifua kikaanza kumbana. Akajua ndicho kichomi kilekile, naye kimemjia, na Mungu amsamehe, alifurahi. Akaenda hospitali ili aambiwe. Akamkuta daktari, mama wa makamo mwenye sweta zito, akampima mgongo na kifua, akarudia.

"Kifua chako ni kizima, baba."

"Kizima kivipi, na kinaniuma?"

"Unalala?"

"Silali."

"Unakula?"

"Nakula nini?"

"Unawaza kufa?" Asukile akatazama sakafu. Daktari hakukohoa wala hakuandika. "Nakuuliza kwa sababu wengi wanaokaa kiti hicho wanawaza."

"Nawaza."

"Ahsante kwa kuniambia. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Una dawa zake, na una maneno yake. Umefiwa?"

"Na rafiki."

"Rafiki wa namna gani?"

Asukile akatazama mlango. Yule mama akainuka, akaufunga, akarudi akaketi. "Sikukuuliza ili nihubiri," alisema. Basi Asukile akasema, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kwa sauti ndogo hivi kama ya mtu anayeongea kanisani. Alipomaliza alingoja kufukuzwa.

"Kumpenda mtu si ugonjwa," daktari akasema. "Kuufungia moyoni msiba wa mtu uliyempenda, huko ndiko kunaumiza. Utameza vidonge hivi, utakuja kila wiki tuongee, na usikae peke yako."

Mungu amweke yule mama. Vidonge vikaanza kufanya kazi, polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Usingizi ukarudi vipande vipande. Lakini lile la kutokaa peke yake lilimshinda, kwani akae na nani? Ndipo simu ikalia kutoka Iringa.

"Asukile, mwanangu. Tunaanua tanga Jumamosi. Uje." Alikuwa Mama Bertha.

"Mama, naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Moyo."

"Basi njoo nao huohuo."

Hakutaka kwenda. Kusimama tena nyuma na vijana wa karasha, kula tena ugali wa marafiki na kuondoka, aliona safari hii hatarudi mzima. Lakini ni nani amkatalie mama wa marehemu? Akapanda basi Ijumaa, akafika jua bado lipo. Mama Bertha alikuwa uani anapukuchua mahindi, kibibi kifupi, shingo ngumu, kitambaa cheusi kichwani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekonda. Umekuwa kama bua la alizeti baada ya mavuno." Akamsogezea kigoda na mahindi. "Pukuchua. Mikono isikae bure. Sasa niambie, mwanangu alikula nini mara ya mwisho?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Watu wote walikuwa wameuliza alikufa na nini, na vitu vyake viko wapi.

"Ndizi, mama. Zile tunazopika sisi Wanyakyusa, na nyama. Alikunywa mchuzi, nyama akaiacha."

"Akasema nini?"

"Akasema chumvi imezidi."

Mama Bertha akaacha mahindi. Akacheka kicheko kirefu mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Huyo ndiye. Tangu nimwachishe ziwa, chumvi yangu ilizidi. Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia kesho apike mwenyewe."

Na hapo Asukile akavunjika. Alilia kama mtoto, mahindi yanamwagika miguuni, na yule mama hakumwambia anyamaze. Aliendelea kupukuchua pembeni yake, akisema "Eeh. Eeh," kama mtu anayemsindikiza mwenzake njiani.

Sasa, Jumamosi. Desturi ya nyumba ile ni kwamba siku ya kuanua tanga, wafiwa wa karibu huketi mkekani uani na kunyolewa. Nywele zilizokuota msibani ni nywele za msiba. Usiponyolewa, unaondoka na kifo kichwani, unakipeleka kwako. Anayenyolewa ni wa damu, au mjane. Rafiki hanyolewi. Rafiki anakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, anaaga, anakwenda.

Wadogo zake Liberatus waliketi mkekani. Pembeni ya mama, pale anapoketi mjane, palikuwa wazi, kwa kuwa Liberatus hakuoa. Mama Bertha akatafuta kwa macho, akamwona Asukile amejibanza nyuma ya wenzake kwenye migomba.

"Asukile. Njoo uketi hapa."

Watu wakageuka. Baba mdogo wa marehemu, mzee Zabron, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akasimama na fimbo yake.

"Shemeji, huyo ni rafiki. Rafiki ananyolewaje?"

"Nywele zake umeziona?"

"Nimeziona."

"Zimeotea wapi?"

"Nitajuaje?"

"Zimeotea kwenye msiba wa mwanangu. Unataka arudi nazo Mbeya?"

"Kila mtu ana nywele, shemeji. Tutawanyoa na makondakta waliowaleta wageni?"

Watu wakacheka. Mama Bertha hakucheka. "Mwanangu alipobanwa kifua, aliyemshika ili apumue alikuwa huyu. Wewe mwenzetu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye mahindi, unajua."

"Mahindi yamepona. Hongera." Safari hii wakacheka zaidi, na mzee Zabron akashika fimbo vizuri.

"Watu watasema, shemeji."

"Waseme, midomo ni yao. Mkeka huu nimeusuka kwa mikono yangu, anaketi ninayemtaka. Anayeona vibaya akasuke wake."

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Mambo mengine hutajwa, mengine hupewa tu mahali pa kukaa. Asukile akaketi pale palipokuwa wazi. Mama Bertha akamlowesha kichwa kwa maji ya kibuyu, akachukua wembe mpya, akamnyoa yeye mwenyewe, taratibu, kuanzia utosini. Asukile alisikia baridi ya milimani inamgusa ngozi ya kichwa, na alihisi wepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo.

Mzee Zabron ndiye mgawaji wa ulanzi siku hiyo, na mnyolewa hapitwi. Akafika kwa Asukile, akasimama, akamtazama sana. Mwishowe akanyoosha kikombe.

"Kunywa."

"Baba, ninameza dawa, daktari kanikataza pombe."

"Lowesha ulimi basi. Mababu hawana daktari."

Akalowesha ulimi. Mzee akaguna, akapita kwa anayefuata. Hakupenda, lakini hakumruka, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa hatua.

Jumapili Asukile akarudi Ilomba. Jioni Tumpe akaja na maneno yake tayari mdomoni kuhusu maombi ya wiki hiyo, akafika mlangoni, akakiona kile kichwa kinang'aa. Maneno yakaishia hapo. Hata kwa Wanyakyusa kichwa kilichonyolewa hivyo kina maana yake, na Tumpe alizaliwa huko.

"Nani kakunyoa?"

"Mama yake Liberatus."

"Mkekani?"

"Mkekani, dada. Pembeni yake."

Tumpe akamtazama mdogo wake kama anasoma maandishi madogo. Kisha akageuka akaondoka. Asukile akasikia kandambili zake zinaishia barabarani, akajua ndiyo basi, dada naye amekwenda. Akanywa kidonge chake cha jioni, akaketi kwenye kitanda.

Haukupita muda, kandambili zikarudi, na nyingine nyuma yake. Tumpe aliingia na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake alikuja mama mwenye nyumba na debe la mkaa, na wanawake wawili wa sokoni na unga. Tumpe akatua mkungu, akavua viatu, akakaa chini sakafuni kwa uzito wake wote.

"Sielewi yote, mdogo wangu," alisema. "Labda sitaelewa. Lakini umefiwa, na hujapewa pole. Pole sana."

"Ahsante, dada."

"Pole, fundi," akasema mama mwenye nyumba. "Pole, pole," wakasema wa sokoni, wakatafuta pa kukaa.

Chumba kikajaa. Asukile akawatazama, hajui aanzie wapi kuwashukuru. Akainuka atafute vikombe, awachemshie chai. Tumpe akamshika mkono, akamvuta akae karibu yake.

"Kaa chini, wewe. Mfiwa hapiki."