Umri wa Kitambulisho na Dripu ya Jumatatu

Admin, nifichie jina, hata herufi ya kwanza usiiweke. Mimi ni mjane wa miaka hamsini, naishi Bariadi. Mume wangu nimeshamzika. Kinachoninyima raha sasa ni siri ya mwanamke mwingine ambaye bado yu hai.

Mume wangu aliugua MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Alianza kuburuta mguu, akawa anaangusha vikombe. Tukapata matibabu Mwanza, dawa ya dripu inayoishusha hiyo kinga, akarudi kwenda gengeni mwenyewe. Daktari alimwambia, "Dawa hii umri ukisogea inakuwa na hatari zaidi, mwili unashindwa kupambana na maambukizi. Ila wewe una hamsini na tatu. Tuendelee, huko mbele tutaangalia upya."

Hamsini na tatu ni ya kitambulisho. Mume wangu alichunga ng'ombe mpaka akawa kijana, na alipopelekwa shule walimpunguzia miaka ili apokelewe. Mdogo wake wa kumfuata hakupunguziwa, hivyo kwa karatasi akawa ndiye mkubwa. Ukawa utani wetu wa nyumbani. Shemeji akiingia, mume wangu anainamisha kichwa: "Shikamoo kaka." Naye anajibu, "Marahaba, umekula?" Tunacheka. Hakuna aliyewaza kwamba utani ule unahusiana na dripu.

Mume wangu alianza na kikohozi. Akasema ni vumbi la pamba. Kumbe ni homa ya mapafu, hakupona. Shemeji alipomweleza daktari kwamba marehemu alikuwa na sitini na mbili, daktari alivua miwani. "Siwezi kusema dawa ndiyo iliyomuua. Lakini ningejua, tungeshakaa kuzungumzia kubadilisha dawa."

Sasa kuna mwalimu mmoja wa kike wa upande wa Dutwa, tulizoeana kliniki. Dawa ileile, daktari yuleyule. Alikuja matangani, tukawa tunachambua mchele, nikamsimulia. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hata mimi nilipunguziwa. Nina sitini na moja."

"Mwambie daktari, mwalimu."

"Bima yangu ni ya kazini, umri ni uleule wa karatasi. Likijulikana wataniambia nimeidanganya serikali, na kiinua mgongo nikikose. Wajukuu nitawasomesha na nini? Halafu dawa yenyewe ndiyo inayonisimamisha ubaoni. Tafadhali, nitunzie."

Niliendelea kuchambua mchele, akachukulia nimekubali.

Juzi kanipigia kunijulia hali. Alikuwa anakohoa. Nikamuuliza, akacheka: "Vumbi la chaki tu, mayu." Jumatatu anakwenda kuwekewa dripu nyingine, na hataki nimguse tena kwa habari hiyo.

Namba ya daktari ipo kwenye simu ya marehemu, naichaji kila siku. Nikipiga, huenda nikamharibia kazi na akanichukia. Nisipopiga, nakumbuka kile kikohozi cha mume wangu. Ndugu zangu, ingekuwa ninyi mngepiga? Nijibuni kabla ya Jumatatu.