Lori Lililogonga Mbele ya Daktari

Watu wa malori walimwita Daktari, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwa daktari wa kitu kingine ila injini za dizeli. Mtu akitaka kununua lori lililotumika, au gari kubwa la safari za mbali, hakuthubutu kwenda yadi peke yake. Alipita kwanza gereji kwa Daktari, akambembeleza, akaondoka naye. Siku hizo Daktari alivaa ovaroli isiyo na hata doa, akachomeka bisibisi yake ndefu mfukoni, akatembea kama bwana harusi.

Kazi aliijua, tusimvunjie heshima. Kwanza aliweka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Akiikuta ina joto, aliaga akaondoka, maana injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa baridi, na muuzaji anayeipasha kabla mteja hajafika analijua hilo vizuri. Kisha alitazama moshi. Mweusi kidogo aliuvumilia. Wa buluu ulimwambia injini inakula oili, na mweupe usiokatika ulimwambia maji yanapenya yasikotakiwa. Alilala chini ya chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba lori, akitafuta mahali palipochomelewa. Rangi mpya ilimtia wasiwasi kuliko kutu. "Huyu kapakwa poda," angesema, "kuna kitu alikuwa analilia." Na watu wangecheka, kwa sababu Daktari akitania ilikuwa lazima kucheka.

Mwisho wa yote alisikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Hapo hata mwenye yadi alizima simu. Zamani, alipokuwa bado kijana mwenye kiburi cha ujana, dalali mmoja aliropoka kwamba injini inasikika safi, na Daktari akamgeukia mbele ya watu akamwambia, "Hapa anaongea mmoja." Maneno yale yalienea gereji zote yakawa sheria. Tangu siku ile hapakuwa na mtu aliyetoa neno juu ya injini kabla Daktari hajainua kichwa. Dereva aliyejisahau akasema kitu alitaniwa mwaka mzima.

Sasa ubaya wa jambo lenyewe: masikio ya Daktari yalikuwa yamekwisha. Injini alizoziinamia tangu ujana zilikuwa zimeyala kidogo kidogo. Zilianza kupotea sauti nyembamba, kengele za baiskeli na vicheko vya watoto. Zikafuata sauti za simu. Mwishowe watu wakawa wanaongea naye kama wako nyuma ya ukuta. Mkewe ndiye aliyepokea simu zake, kwa kisingizio kwamba mikono ya fundi ina grisi. Mkewe huyo alimsihi aende akapimwe, naye akajibu kwamba ataenda, kwa sauti ya mtu asiye na nia hata kidogo ya kwenda. Kazini alihamia kwenye breki na springi. Alijizoeza kusoma midomo ya watu, na wakicheka alicheka, akichelewa kidogo. Mwanamume huyu alikuwa radhi aonekane mkorofi, mwenye maringo, hata mlevi, ilimradi asionekane kiziwi. Nani angemwita Daktari akijua?

Ndipo dada yake mkubwa alipokuja gerejini. Dada huyo alikuwa na kiwanda kidogo cha matofali ya saruji, na malori ya kukodi yalikuwa yanamtia aibu kwa wateja: leo limeharibika, kesho limekwenda kwa mwingine anayelipa zaidi. Alikuwa ameuza kiwanja chake, kile alichotarajia kujenga nyumba ya uzeeni, anunue lori lake mwenyewe.

"Sitaki lori zuri, mdogo wangu," alisema. "Nataka lori lisiloniangusha. Nichagulie kama unajichagulia mwenyewe."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ukweli. Ni dada yake, si mtu baki. Ndiye aliyembeba mgongoni, akamfunga kamba za viatu, akampiga kofi siku aliyoiba sukari. Daktari akaitoa bisibisi yake mfukoni, akaifuta kwa kitambaa. Akasema, "Twende kesho asubuhi, injini zikiwa bado baridi."

Walikwenda watatu: Daktari, dada yake, na dereva ambaye angeliendesha hilo lori, mtu mzima, mpole, aliyezoea barabara mbovu. Mwenye yadi aliwapokea kwa tabasamu pana. Daktari alipita kati ya malori akiyakataa moja baada ya jingine. Hili lina joto tayari. Hili linatoa moshi wa buluu. Hili chesisi yake imeungwa. Dada mtu alimfuata nyuma akijivuna, akimtazama mwenye yadi kwa jicho la kusema, unaona ndugu yangu?

Yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa na kibanda cha dereva kilichobonyea na oili iliyotambaa kidogo pembeni mwa injini. La pili lilikuwa kavu na safi chini, rangi yake ya zamani ile ile. Yote mawili yaliwaka bila taabu. Moshi wa yote mawili ulikuwa wa kawaida. Macho na mikono vilikuwa vimefika mwisho wa kazi yao, na kati ya malori yale mawili, kilichobaki kuamua ni sikio.

Mwenye yadi akazima simu. Daktari akainama kwenye lori la pili, bisibisi sikioni, macho kayafumba. Alichopata ni mtetemo wa chuma kwenye mfupa wa shavu, na mvumo wa mbali ambao ungeweza kuwa wa injini yoyote duniani. Alifumbua jicho moja akamwona dereva amesimama, uso umekunjamana, anamtazama. Daktari akafikiri dereva amemgundua. Basi akajikaza, akaongeza muda wa kusikiliza, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeridhika, akainuka.

"Hili," alisema. "Lile jingine linavuja."

Kuvuja kwenyewe kulikuwa kwa gasketi ya juu, kitu cha kubadilisha kwa nusu siku, na yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha mafundi wengi wasikiogope. Alilijua hilo wakati analisema. Lakini ilibidi awe na sababu, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Dada yake akamkumbatia palepale, mbele ya mwenye yadi, akimwombea maisha marefu. Daktari alicheka naye.

Lori lilifanya kazi majuma machache. Siku moja, likipandisha mlima na shehena ya matofali, injini ilipiga kishindo, chuma kikatoboa ubavu wake kikatokea nje, oili yote ikamwagika barabarani. Mkewe Daktari ndiye aliyepokea simu. Akamshika mumewe mabega, akamwambia usoni, polepole: "Lori la wifi limekufa. Nenda."

Alimkuta dereva amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, matofali nyuma yake yakiwa yamepangika vizuri kana kwamba safari inaendelea. Daktari hakuhitaji kuinama sana. Tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kuingiza ngumi. Beringi za chini zilikuwa zimelika hadi chuma kikasaga chuma, na uchakavu wa namna ile hauji kwa majuma machache.

"Fundi," dereva alisema, akisogea karibu, "usiniudhikie. Injini ilikuwa inagonga."

"Tangu lini?"

"Tangu yadi. Ngo, ngo, ngo, kwa chini kabisa. Nadhani waliitilia oili nzito izibe mlio, lakini nilikuwa naupata."

"Mbona hukusema?"

Dereva alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hata chembe ya kejeli. "Niseme mimi? Mbele yako? Ulisikiliza mpaka ukamaliza, ukatikisa kichwa. Nikajua umeusikia, umeupima, umeona si kitu. Nikajiona mjinga mimi."

Laiti dereva yule angemtukana! Daktari angepata cha kujibu. Lakini mtu yule alikuwa bado anamwamini, amesimama kando ya injini iliyotoboka anamwamini, na hilo lilimkata maini kuliko tusi lolote. Alitamani ardhi ipasuke aingie, yeye na ovaroli yake na bisibisi yake.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Njia nzima alijipa moyo: atafika, ataamkia, atasema. Sebuleni alimkuta dada amekaa kwenye kochi na mumewe pembeni. Mume huyo alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa ameyatunza yote kwa ajili ya jioni hiyo.

"Shemeji," alisema, kwa sauti kubwa ambayo kwa mara ya kwanza Daktari aliishukuru, "mimi si fundi. Lakini fundi wa gereji ya huku kaniambia injini ile hata mtoto angejua inagonga. Sasa wewe, bingwa mzima, usijue? Mwenye yadi alikupa ngapi?"

"Baba watoto, acha," dada alisema. Kisha akamgeukia ndugu yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie ukweli tu, mdogo wangu. Alikupa kitu?"

Hapa msomaji atamkasirikia, na ana haki. Maana katika swali lile Daktari aliona pa kupitia. Mwizi ni mtu mbaya, sawa. Lakini mwizi ni mtu aliyejua. Mwizi aliusikia ule mlio, akaamua kunyamaza. Watu wangemsema miezi miwili mitatu, kisha siku moja mtu angetaka lori, angesema, jamaa yule ana tamaa lakini sikio lake, mh! Jina lingebaki.

"Alinipa," alisema.

Shemeji akapiga kofi paja lake kana kwamba amefunga goli. Dada alimtazama ndugu yake, na uso wake ukazeeka pale pale, Daktari akiuona. Kisha akainuka, akavuta kanga begani, akavaa viatu.

"Twende," alisema. "Twende kwa huyo mwenye yadi sasa hivi, kabla hajafunga. Utasimama mbele yake, utayasema hayo hayo. Nitajaza watu pale. Akikataa tunakwenda polisi."

"Dada, kaa kwanza."

"Nikae? Nimeuza kiwanja changu! Inuka!"

Daktari alimwona mwenye yadi akiapa kwa kila kiapo, polisi wakiandika, watu wamejazana langoni, na yeye katikati akishikilia uongo ambao ungemfunga mtu. Mwenye yadi huenda alitia oili nzito, huenda hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Rushwa hakutoa. Shemeji alikuwa ameshamshika mkono.

"Hakunipa kitu," alisema.

"Sasa nini?" shemeji alifoka. "Kanipa, hakunipa! Unatuchezea?"

"Sisikii."

"Husikii nini?"

"Sisikii, shemeji. Masikio yameharibika. Muda mrefu sasa. Pale yadi sikusikia kitu. Nilijifanya." Alikuwa anayatazama magoti yake. "Niliona haya."

Kwa kuwa alikuwa anatazama chini, hakujua kama wamemjibu au wamenyamaza. Ndiyo hali yake siku zote, lakini usiku huo iliumiza upya. Alipoinua uso, dada yake alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Alisimama akiuelekea ukuta, kiganja kimeegemea hapo, na mabega yake yalikuwa yanacheza kidogo kidogo. Huenda alikuwa analia, huenda alikuwa anaongea. Shemeji alikuwa amemtolea mkewe macho, mdomo wazi.

Kisha dada akageuka. Akaja hadi mbele ya kochi, akapiga magoti kama alivyokuwa akifanya wakati wa kumfunga kamba za viatu, uso kwa uso.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Sijui, dada."

"Nimesema kwa sauti. Mume wangu kasikia. Nimesema nini?"

"Sijui."

Akamshika mashavu kwa mikono miwili, mikono iliyokwaruza kwa saruji, akahakikisha anamtazama.

"Nimesema hata mimi niliusikia ule mlio," alisema. "Pale yadi, niliusikia ukigonga. Nikaona ningeuliza, ungeaibika mbele ya watu. Nikanyamaza kwa ajili yako."

Aliyasema polepole, na Daktari aliyasoma yote midomoni mwake. Hakupitwa na hata neno moja.