Sikio la Fundi

Jirani yangu fundi cherehani huigusa simu upesi, kwa ncha ya kidole, kama anayepima joto la pasi. Jioni huacha kushona, akaiegemeza kwenye kopo la nyuzi ampigie dada yake simu ya video, na chumba kikatulia kama maji ya mtungini. Dada huyo yuko nchi ya mbali, na uzee umemfutia kumbukumbu. Binti wa dada huyo alishatuonya kwamba mama yake hawatambui tena hata wanawe. Jioni moja nilikuwa nimefuata gauni langu pale. Picha ilipotokea, yule bibi alimtazama fundi kama mpita njia. "Wewe nani?" Fundi akababaika, akaibandika simu sikioni. "Ni mimi, dada!"

"Mjomba, tunaona sikio tu!" binti akacheka. Nami, ninayeyajua mambo hayo, nikamtania, "Tangu lini watu wakaonana kwa masikio?" Mara yule bibi akasema polepole, "Liacheni hapo hapo. Hilo nililing'ata mimi, tukigombea kiti. Kaka, bado unalia?" Fundi hakuiondoa simu. Alikaa vivyo hivyo, macho ameyafumba, dada yake alitazame mpaka atosheke.