Kesi ya Mpaka Uliotembea

Enzi zetu sisi wa Rombo, mtoto akitaka nyumba ya kuchezea aliijenga. Haikuja ndani ya boksi. Mlikusanya majani ya mgomba, mkaiba kisufuria kilichotoboka, mkamteua baba na mama, na yule aliyelialia kuliko wote akafanywa mtoto mchanga. Kisha mkajipikilisha udongo mpaka mmoja wenu akajisahau akaumeza. Ninyi mliokula bulga shuleni na ugali wa unga wa njano, mliokwenda darasani na kidumu cha maji mkono huu na samadi mkono huu, mnajua ninachosema. Wanangu nikiwasimulia habari ya samadi hunitazama kama mtu anayekiri kosa. "Mama, siriasi? Mavi? Mpaka shuleni?"

Kosa ninalotaka kulikiri si hilo. Linahusu nyumba ya kujipikilisha na mzee mmoja wakili, tuliyemfanyia arobaini kule Pearland, Texas, juzijuzi.

Sisi watoto tulimwita Meku, yaani mzee kwa kikwetu. Jina lake Anselmi. Alifika miaka tisini na mbili, na nadhani sitini kati ya hiyo aliimaliza kwa miguu. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mpakani Tarakea, lakini ukimtafuta ofisini ulikuta kufuli. Wateja wake hawakuwa na namna ya kumfikia, basi yeye aliwafikia: turubai mgongoni, jiko dogo la mafuta ya taa, majalada ndani ya mfuko wa nailoni, na ndoano za kuvulia zimechomekwa kwenye kofia. Alimtetea mtu aliyeshtakiwa kwa magendo kwa sababu jiko lake lilikuwa Tanzania na meza yake ya kuuzia maandazi ilikuwa Kenya. Alisuluhisha ugomvi wa mbuzi aliyepandwa upande huu akaenda kuzalia upande ule, na wenye mbuzi na wenye beberu wote wanadai mtoto. Kesi ikiisha alipotelea Ziwa Chala siku mbili kuvua na baba yangu, wakarudi na samaki wanne na hadithi za samaki arobaini. Mara moja alileta mguu uliovimba, akasema ameteleza. Baba alisema alikuwa akimfukuza ndege ili amtazame vizuri.

Mimi, Efu, hata wakati ule nilikuwa mtu wa ndani. Wenzangu wakicheza rede, mimi nahesabu pointi nimekaa. Wakicheza kombolela, najificha jikoni, na wakinisahau nafurahi. Mchezo pekee niliouweza ni kujipikilisha, maana ulikuwa na nyumba.

Sasa, kwetu mpaka wa shamba hauwekwi kwa waya. Hupandwa masale, mimea myembamba yenye majani marefu, na ukishapandwa hauguswi na mtu. Tena isale hilohilo ndilo hubebwa na aliyekosa anapokwenda kuomba radhi. Akikupa jani lake lililofungwa fundo, unasamehe, hata kama roho haitaki. Kwa hiyo kung'oa masale ya mpaka si utundu. Ni jambo la kuitiwa wazee.

Nikiwa darasa la pili, mimi na Prosper, mtoto wa jirani yetu, tuliyang'oa.

Si yote. Kumi na mawili tu. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kahawa ya mama yake, hatua kama tatu kutoka mpakani, na ilikuwa haina ukuta. Masale yamenyooka, yamepangika, yanaomba kuwa ukuta. Tukayachomeka mstari mmoja, tukaupongeza mji wetu, tukaitwa kula. Ikaja mvua ya wiki mbili, hakuna kutoka. Tuliporudi ukuta wetu ulikuwa umeota! Wanaolijua isale wanajua: ukilichomeka tu, limekubali. Tukatazamana. Prosper akasema, "Tuyaache. Yamependeza."

Aliyegundua ni mama yake. Mama Prosper alikuwa mjane, na mjane akikuta shamba la jirani limeingia kwake hatua tatu, hafikirii watoto. Alisimama uani kwetu, akamwita baba mwizi kwa jina lake la ubatizo. Baba akaapa. Mama Prosper akajibu kwamba hata waliomnyang'anya shangazi yake waliapa. Wazee wakaitana, na baba na Mama Prosper wakakubaliana kitu kimoja tu: aje Meku aamue.

Nakumbuka siku ile kwa pua. Kahawa ilikuwa imechanua, na harufu yake ilichanganyika na ya mbege, pombe ya ndizi ya wazee. Nilikuwa nyuma ya gauni la mama. Meku alitembea mstari mzima wa masale, polepole, mikono nyuma. Tisa yalikuwa mabichi. Matatu yalikuwa yamekauka. Akainama, akang'oa moja lililokauka, akalitazama chini. Majani yalikuwa udongoni. Lilipandwa kichwa chini.

Mtu mzima wa kwetu hawezi kupanda isale kichwa chini, hata akilewa. Meku aliinua macho, akatafuta kati ya watu mpaka akafika kwenye gauni la mama.

"Mpaka umehama," alisema. "Masale yarudi yalipokuwa. Lakini Baba Efu hakuyahamisha."

"Basi yametembea?" Mama Prosper akauliza. "Yana miguu?"

"Yametembea."

"Nani kayatembeza, Wakili?"

"Namjua. Simsemi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Prosper hakucheka. Alipata ardhi yake yote, lakini aliondoka akiamini kwamba wakili amemficha rafiki yake wa kuvua naye samaki. Na hakuwa peke yake. Tangu siku ile kesi ya mpaka uliotembea ikawa kichekesho cha vilabuni, na Meku, aliyekuwa akiitwa kila kilima, hakuitwa tena kupima shamba la mtu kijijini kwetu. Mama Prosper na baba wakaacha kusalimiana. Wanapishana kwenye njia ya upana wa mkeka, na salamu yao ni kukohoa. Wameishi hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Wiki iliyofuata Meku aliniomba kwa mama, eti akanioneshe ziwa. Nililalamika miguu njia nzima. Tulipokaa juu ya mwamba akanimenyea ndizi.

"Yale matatu alipanda nani?"

"Prosper."

"Na yale tisa?"

Nikatafuna.

"Yale tisa yamepandwa vizuri," alisema. "Sikiliza, mjukuu. Mimi sitakusemea. Maneno ni yako. Siku ukiweza, utayasema."

"Nitachapwa?"

"Utachapwa."

Ndivyo alivyokuwa, wakili asiyeweza kumdanganya hata mtoto wa miaka minane. Nikaamua kungoja mpaka nitakapokuwa mkubwa kupita fimbo. Nikawa mkubwa, nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikaletwa Garland kwa ndege, nikapata kazi ya ghala na kochi zuri. Fimbo ilibaki kulekule, mimi ndiye niliyezoea kunyamaza.

Miaka sita iliyopita bintiye, Dada Febronia, ambaye ni muuguzi, alimleta Meku akaishi naye Pearland. Watu wa umri wake huletwa Amerika wakakaa mbele ya televisheni wakilalamikia baridi ya kiyoyozi. Yeye alitaka kujua bahari iko wapi. Nasikia kwenye gati la wavuvi alisoma ubao wa sheria kuanzia juu mpaka chini kabla hajatoa ndoano, kisha akawa anapima kila samaki kwa rula, na aliyepungua kidogo anarudishwa majini na maelezo. Alikuwa akinipigia: "Efu, njoo tukavue." Nami: "Nakuja, Meku, gari lina tatizo." Kutoka kwangu mpaka kwake ni saa nne na kitu za ku-drive. Texas yote mimi naijua kwa dirisha. Katika miaka sita nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili nilitazama samaki nikiwa ndani ya gari. Neno lile sikulisema. Hakuniuliza.

Alipofariki, Febronia akanipigia niandike wasifu wa kusoma siku ya arobaini.

"Dada, mimi nina kidato cha nne tu."

"Basi uandike kidato cha nne. Ila ile habari ya masale iache, tafadhali. Nimekua nikisikia baba yangu anachekwa. Sitaki achekwe tena hapa."

Nikampigia Prosper. Yeye sasa ni dereva wa malori, anaishi Mansfield.

"Prosper, nitasema."

"Sema yako. Yangu usiiguse."

"Yako ndiyo ilikuwa kichwa chini!"

"Efu, mama yangu ana miaka themanini na mitano na bado mkono wake mzito. Unanitakia nini?"

Ikafika Jumamosi yenyewe, asubuhi yetu, jioni yao. Simu ilisimamishwa mbele ya ukumbi kuwarushia walioko Rombo. Baba alikuwa akitazama kwake na mdogo wangu, Mama Prosper kwake na mjukuu wake, kila mtu upande wake wa masale. Nilisoma habari za mbuzi, watu wakacheka vizuri. Nikafika mahali pa kuruka, na sikuruka. Nilisema masale yale tuliyang'oa sisi, tulitaka ukuta. Nilisema Meku alijua tangu dakika ile, na alikubali kuchekwa maisha yake yote ili mtoto asisemewe. Nilisema baba yangu hakuwa mwizi. Nikakunja karatasi.

Nyuma ya ukumbi Prosper akasimama, mwanaume mzima na kitambi chake. "Matatu ni ya kwangu," alisema, akakaa.

Febronia alilia, halafu akacheka, halafu akanipiga begani kwa nguvu isiyo ya muuguzi. "Na alijua! Mzee yule!"

Kabla pilau halijaisha ikaingia sauti ya mama yake kwenye simu ya Prosper, na akaicheza watu wote wasikie. "Nimesikia. Kwa simu sipokei. Yule mtoto aje mwenyewe na isale mkononi, na huyo wa kwangu aje naye nimtazame. Ndipo nitavuka kwa Baba Efu. Na waje upesi, mimi si mti."

Siku hizi watu hukosana kwa ujumbe na kupatanishwa kwa kikatuni cha uso unaolia. Mwanangu aligombana na rafikiye na kupatana naye kati ya chakula na kuosha vyombo, wala hakuinuka. Mpaka wangu hapa Garland ni uzio wa mbao. Upande wa pili yupo mbwa, jina lake nalijua maana huitwa kutwa. Mwenye mbwa simjui. Upepo uliangusha uzio ule, mafundi wakaja wakausimamisha, na sijui kama ulirudi palepale. Hakuna aliyepima wala aliyenuna. Nakiri ni raha. Lakini kwetu hatua tatu ziliuma miaka arobaini kwa sababu kabla yake watu wale waliombana moto na chumvi kila siku, na sisi tuliwaona.

Nimeomba likizo. Fomu ina nafasi ya kuandika sababu ya safari, nikaandika: kurudisha mimea. Msimamizi wangu akaidhinisha bila kuuliza. Mimi niliyeshindwa kufika Pearland nitakaa kwenye ndege siku nzima na zaidi, ubavuni mwa Prosper, ambaye ameanza kuulizia kama fimbo za kwetu bado ni za mti wa mbuni.

Mdogo wangu anasema tangu Jumamosi ile, kila jioni, baba anatoa viti viwili nje. Anakaa kimoja. Ukimuuliza cha pili ni cha nani, anakohoa.