Kisu cha Baba Mdogo

Sikuwahi kumwona baba yangu akichinja kuku, na sisi ni Wabukusu. Anayetujua ataelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu mgeni akibisha hodi, wa kwanza kukimbia ni kuku. Lakini nyumbani kwetu Matisi, pale Kitale, kuku akishakamatwa alipelekwa mlango wa pili, kwa jirani yetu Mwislamu, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mdogo. Yeye ndiye aliyechinja. Jogoo wa Krismasi, mbuzi wa harusi ya dada yangu, hata kuku mgonjwa ambaye mama alitaka kumwahi kabla hajafa mwenyewe, wote walipitia mkononi mwake.

Baba Mdogo aliuza mitumba. Siku za soko alikwenda Kachibora na marobota yake, siku nyingine alikaa kibandani akikunja mashati. Alizaliwa Kitale, na baba yake pia alizaliwa hapo hapo. Baba yangu alitoka kijijini kwao Bokoli akiwa kijana, akaja kuendesha kinu cha posho. Kwa akili ya kawaida mgeni alikuwa baba. Lakini ukiwauliza wapangaji wenzetu wa ploti yetu, mgeni alikuwa Baba Mdogo. "Kwani huyu kwao ni wapi?" walipenda kuulizana, hasa uchaguzi ukikaribia, na hakuna aliyengoja jibu.

Jambo la kuku lilianza kabla sijazaliwa. Mama ndiye aliyenisimulia. Krismasi ya kwanza pale plotini, baba alichinja jogoo mwenyewe, mama akapika, akapeleka sahani kwa jirani. Wakashukuru sana. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu, na hata kwao ni hivyo hivyo, basi kesho yake ilirudi imejaa sukari. Ilipita miezi kabla baba hajajua kwamba ile nyama walimpa jirani mwingine, kwa kuwa wao hawangeweza kuila. Mama aliudhika, akaona wamemdharau. Baba aliona aibu. "Nimempelekea mtu chakula cha kuangalia tu," alisema. Tangu hapo hakushika kisu tena. Mama naye alinuna, maana kanisani walimsema kuhusu kuku wa dua za watu wengine, mpaka alipovunjika mguu na mke wa Baba Mdogo akawa ndiye anayemfulia na kumpikia uji. Maneno ya kuku yakaisha yenyewe.

Mimi nilikua nikidhani dunia yote iko hivyo. Nilipoolewa na kuanza kazi ya serikali mjini Bungoma ndipo nilipogundua kwamba watu wanaweza kukaa ukuta kwa ukuta na wasijue jirani anakula nini. Ninaishi karibu na msikiti, na bado sichinji mwenyewe, ninamwita jirani. Wenzangu wa ofisini wananicheka. "Si ujichinjie tu, bana. Kwani umesilimu?" Sijasilimu. Ninaimba kwaya, tena sauti ya kwanza, na naimba kwa nguvu kuliko wanaonicheka. Ila baba alikuwa na neno lake moja: ukiwasha moto, ujue moshi wako unaingia kwa nani. Sijapata mahubiri yaliyonikaa kuliko hilo.

Baba alizeeka, akastaafu kinu, akarudi Bokoli na mama. Alipougua tulimleta hospitali Bungoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye kwa kuwa ofisi yangu iko karibu. Siku moja mchana, akili yake ikiwa safi kabisa, aliniambia, "Ng'ombe wangu achinjwe na ndugu yangu wa Kitale. Nataka watu wote wale." Nilijifanya sikuelewa ni ng'ombe gani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga, akarudia. Nikamwahidi. Yeye mwenyewe alikuwa amempigia Baba Mdogo simu na kumwambia vivyo hivyo.

Kwa hiyo alipofariki nilikuwa na kazi moja tu. Mengine yote, hema, jeneza, viti, yalikuwa na watu wake. Nililileta neno hilo kwenye kikao cha mazishi, ambacho mwenyekiti wake alikuwa kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nikiendelea hamtaniamini. Alilia kuliko sisi wote. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na ng'ombe aliletwa na wenzake wa kanisa, na aliogopa watu wa kanisa kuliko alivyomwogopa marehemu. "Ati ng'ombe wa baba asomewe dua gani?" aliuliza. "Watu watasema nini?" Nikamwambia si maneno yangu, ni ya baba, na Baba Mdogo amekula na baba maisha yake yote. Akanijibu kwa methali, maana kwa methali hana mpinzani: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe mama umeolewa, hii boma wachia wenyewe." Nina wajukuu, na bado kwa baba yangu mimi ni msichana aliyeolewa. Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, akisema kwa sauti hafifu, "Mimi ni mjane tu, nani ananiuliza."

Mwishowe kaka alisema, "Tutaona." Nikalishika hilo neno kama ahadi. Nikampigia Baba Mdogo, nikamwambia siku ya mazishi afike asubuhi mapema, kabla ya kuchinja. Akasema atakuja.

Siku moja kabla ya mazishi tulikwenda kuchukua mwili Bungoma. Tulirudi jioni tukiimba nyuma ya gari, na gari lilipoingia kwenye lango jambo la kwanza nililoliona ni ngozi ya ng'ombe imetandazwa kwenye nyasi, ikiwa bado mbichi. Walichinja tulipokuwa njiani. Vijana walikuwa tayari wanakata nyama, wametenga ya wajomba na ya wachimba kaburi. Nilimtafuta kaka, nikamkuta akipanga viti. "Ilikuwa lazima nyama ilale ikipikwa," alisema bila kunitazama. "Watu ni wengi." Ningeweza kupiga kelele. Lakini mwili wa baba ulikuwa unashushwa, watu wanaimba, na mtoto wa kike akipiga kelele wakati huo, watu wanadhani analia tu. Hata nilivyolia, hakuna aliyejua nalilia nini.

Nilijaribu kumpigia Baba Mdogo asije na kisu. Simu yake ilikuwa imezimwa, maana yeye huiwasha akikumbuka. Asubuhi alifika kabla ya wageni wote, amevaa kanzu iliyonyooshwa, na mke wake kando yake na kikapu. Kisu alikuwa amekifunga kwa kitambaa cheupe. Nilikiona alipokuwa anamwamkia mama. Akaniuliza, "Ng'ombe yuko wapi, binti yangu?" na kabla sijajibu macho yake yalishafika kwenye ngozi. Alimpa mke wake kisu, naye akakisukuma chini kabisa kikapuni.

Sikutaka washinde na njaa. Nilikuwa na sufuria mpya niliyoinunua Bungoma kwa ajili ya mama, haijawahi kupikia kitu. Nikaiweka kwenye mafiga ya peke yake, mbali na majungu ya nyama, nikachemsha ndizi kwanza, nikazipakua kando, kisha nikachemsha maharagwe. Nikasema angalau hili nitaliweza. Kisha nikaitwa kushika mkono wa mama kaburini.

Baba Mdogo alisimama karibu na kaburi mpaka mwisho. Alipopita kutupa udongo alitupa mara tatu, kwa mkono wa kulia, midomo ikitikisika. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Anasema nini huyo?"

Nilirudi mbio jikoni. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mwenye roho nzuri kuliko wote katika boma lile, alikuwa amesimama juu ya sufuria yangu na upawa mkononi. "Ati maharagwe makavu hivyo ndiyo unapatia wageni wa ndugu yangu?" aliniambia. "Nimewatilia supu ya nyama. Tena ya kifua." Kwetu kumtilia mtu supu ni kumpenda. Alikuwa amechota ile nzuri, yenye mafuta juu. Nilimshukuru. Nilibaki na ndizi za kuchemsha, nikazipeleka kwenye sahani mbili, na nilipotokea hemani nikakuta vijana wa kugawa chakula walishawawekea ugali na nyama mbele yao.

Walikaa hivyo, sahani mbele yao, wakila ndizi polepole na kunywa maji. Meza nzima iliwaangalia. Mzee mmoja akasema, si kwa kuficha, "Hawa watu hata kwa matanga lazima wajitenge."

Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma hadi leo. Tuliwafungia mlango sisi wenyewe, kisha tukawalaumu kwamba hawaingii. Nilisimama niseme. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo mengi. Lakini kipaza sauti kilikuwa kwa kaka, anatoa shukrani. Alishukuru kanisa, akashukuru wachimba kaburi, akashukuru wajomba. Kisha akasema, "Na hata wageni wetu wa Kitale tunawashukuru, ingawa leo wameona chakula chetu hakiwatoshi." Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha kushiba. Kipaza sauti kikapelekwa kwa mchungaji afunge kwa sala. Nikainamisha kichwa kama wengine.

Niliwasindikiza hadi barabarani. Boda boda tuliyoiagiza ilichelewa, tukakaa kwenye gogo. Mke wake, Mama Mdogo wetu, akafungua kikapu, akatoa chapati alizobeba kutoka nyumbani. Akanikatia ya kwanza, mimi mwenye matanga, kwenye shamba la baba yangu. Tukala. Tulisikia watu wakizungumza kule hemani.

"Nilichelewa?" Baba Mdogo aliniuliza.

"Hukuchelewa, Baba."

Alimega kipande kingine cha chapati. "Nadhani nilichelewa," akasema. "Sikiliza, binti yangu. Ndugu yako akikuuliza, mwambie mzee anasema ni yeye alichelewa kufika. Wewe na yeye mko na mama wa kutunza. Usigombane na yeye juu ya ng'ombe."

Nilimwambia siwezi kusema hivyo, ni uongo. Nilimwambia ni sisi tuliokosa, na kwamba nilimwahidi baba. Niliyasema yote niliyokuwa nimeyakusanya ya kusema hemani, nikammwagia mtu wa pekee asiyestahili kuyasikia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mkono kichwani pangu, kama alivyofanya nilipokuwa namletea kuku nikiwa nimemshika miguu. "Najua," alisema. "Mwambie tu nilichelewa."

Boda boda ikaja. Walipanda wote wawili, kikapu katikati, wakaenda.

Niliporudi, kaka alikuwa ameketi na wazee, sahani ya nyama magotini. Aliniita kando kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba jambo hilo lilikuwa linamtafuna tangu asubuhi. Huo ungekuwa wakati wa kumtia msumari kidondani, nami msumari nilikuwa nao.

"Wameenda na hasira?" aliuliza.

Nilimtazama mama, ambaye alikuwa ameacha kula, akitutazama sisi wawili.

"Hapana," nikasema. "Mzee anasema ni yeye alichelewa kufika."

Kaka akashusha pumzi. Uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu baba afe. "Si unaona?" akasema. "Hao watu huwa hawafiki mapema." Akavuta kiti chake karibu na wazee na kuendelea kula.