Mvua Kubwa na Barua Iliyokwama

Siku yangu ya kwanza kazini, katika posta ya Kitui, sikufundishwa kwanza namna ya kuunganisha simu. Nilifundishwa kuogopa. Mkuu wa Swichibodi, mama mnene aliyezungumza kwa sauti ya juu hata ukiwa kando yake, alinishika bega akanielekeza dirishani.

"Ukiona wingu jeusi upande ule, unavua hedifoni. Hungoji kuambiwa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Mimi sikuvua," akasema, akanigeuzia sikio lake la kushoto. Halikuwa na kovu wala alama. Lilikuwa halisikii tu. Radi ilipiga nguzo huko mbali, ikasafiri kwa waya mpaka kichwani mwake.

Swichibodi ilikuwa meza ya mbao yenye matundu mengi, na kamba zenye ncha za shaba. Mtu akipiga, kifuniko kidogo kinaanguka juu ya tundu lake. Unachomeka kamba, unauliza "Namba?", kisha unachomeka ya pili kwa yule anayetafutwa. Nilifanya kazi hiyo Kitui nikiwa msichana, nikaifanya Matiliku nikiwa mke na mama. Postamasta wa Matiliku aliogopa wakaguzi kuliko alivyoogopa nyoka, na kila asubuhi alituambia, "Kinachopita kwenye waya si chenu." Mvua zikija nilivua hedifoni mapema kuliko wote. Wenzangu walinicheka.

Mitambo ya kujiendesha ilipoletwa, swichibodi zikafungwa, nasi tukaambiwa twende nyumbani. Bahati yangu, hospitali moja ya kanisa karibu na barabara ya Mombasa ilitaka mtu wa simu na redio. Huko nilifanya kazi chini ya wakubwa wawili. Mkurugenzi alikuwa mchungaji, mzee wa heshima, mwepesi wa kukasirika. Mganga Mkuu alikuwa kijana kutoka upande wa Murang'a. Kikamba chake kiliwachekesha wagonjwa, lakini walimpenda. Aliniita Mama Mueni, kwa jina la kifungua mimba wangu.

Miaka ya tisini wafadhili wakatuletea kompyuta na modemu, yaani kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa mlio ili yapite kwenye simu. Imeli zetu zilikaa Nairobi, kwenye mashine kubwa iitwayo seva, zikitusubiri tupige simu tuzichukue. Ilikuwepo programu ya kuzichukua zote kwa kubonyeza mara moja. Lakini fundi aliyekuja kutufundisha alinionyesha njia nyingine, ya kuzungumza na seva yenyewe kwa maneno mafupi kwenye kioo cheusi.

"Hii utaihitaji siku mambo yakiharibika," aliniambia.

Ukiandika STAT, seva inakujibu una barua ngapi. LIST inakupa ukubwa wa kila moja. RETR na namba ya barua, inakuletea barua nzima. DELE inaifuta, na hiyo niliiogopa kama wembe mikononi mwa mtoto. Niliyoipenda ni TOP, kwa sababu inakuletea kichwa cha barua peke yake: nani ameandika, lini, kuhusu nini, na barua imepitia mashine zipi njiani. Ni kama kusoma bahasha na mihuri yake bila kuifungua.

Kisha zikaja mvua za mwaka ule. Zilinyesha mpaka mito ikasahau kingo zake, na daraja la kwetu likaenda na maji. Mbu wakawa wengi ajabu. Mbuzi wakaanza kutupa mimba, boma baada ya boma. Halafu watu wakaanza kuletwa hospitalini kwa machela, wana homa kali, macho ya manjano, na wengine wakitokwa na damu kwenye fizi. Wawili walikufa kabla hatujajua tunapigana na nini. Wahudumu wa wodi wakaanza kutoroka. Walioomba ruhusa waliomba kwa kunong'ona, na wengine hawakuomba. Mimi mwenyewe nilipita mbali na mlango wa wodi, nimeziba pua kwa leso, kana kwamba leso ingenisaidia.

Mganga Mkuu alikuwa ametuma damu ya wagonjwa Nairobi kabla daraja halijavunjika, na Nairobi wakaipeleka maabara ya ng'ambo. Alasiri moja simu ya Nairobi ikaingia, ikikwaruza. Sauti ikasema, "Majibu yametumwa kwenu moja kwa moja, kwa imeli." Ikakatika.

Nilibonyeza ile programu. Modemu ikalia, ikashika, na barua ya kwanza ikaanza kuteremka polepole. Laini ikakatika. Nikarudia, ikaanza tena mwanzo, ikakatika tena. Barua ya kwanza ilikuwa kubwa mno, na zote zilizobaki zilikuwa nyuma yake.

"Hiyo ni picha za wafadhili," akasema Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Nimezingoja wiki nzima. Usizifute!"

"Sifuti, Mchungaji. Nitapita kando yake."

Nikafungua kioo cheusi. STAT. LIST. Barua zilikuwa kumi na kitu. Nikaanza kuchukua vichwa kimoja kimoja kwa TOP, vidole vikiteleza kwa jasho. Mikutano. Salamu. Bei za dawa. Kisha nikafika kwenye moja isiyosema inahusu nini, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikataka kuiruka, lakini Mganga Mkuu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akisoma njia iliyopitia barua.

"Hapo, Mama Mueni! Jina la mashine ya kwanza. Hiyo ni maabara."

Nikaandika RETR. Mistari ikaanza kutokea. Ugonjwa ni homa ya Bonde la Ufa. Unatoka kwa mifugo. Unaletwa na mbu, na damu ya mnyama mgonjwa. Watu waache kuchinja, wasishike damu wala nyama mbichi, wachemshe maziwa. Halafu maneno, "Kwa wagonjwa walio wodini, msiwape…"

Laini ikakatika.

Mimi tayari nilikuwa nimemkumbuka Musyoka. Musyoka ni ndugu yangu, tumbo moja. Alikuwa na bucha Kambu. Wiki ile mbuzi walikuwa rahisi, wenye mifugo wakiuza kabla hawajafa, naye alikuwa akichinja kutwa, mikono mitupu hadi kwenye kiwiko. Jumapili alikuwa ameniletea paja. Nilikuwa nimelipika, watoto wakala.

"Daktari," nikasema, "nyama iliyopikwa?"

"Ikiiva vizuri haina neno." Akanitazama. "Ni nani?"

Nikamwambia. Akamwita dereva, akamwagiza azunguke kwa njia ya juu mpaka Kambu, apitie kwa chifu na kwa wachungaji, watangaze. Nami nikainuka nimfuate dereva.

"Mama Mueni, subiri. Wanasema tusiwape nini?"

Hapo ndipo ngurumo ikalia. Wingu lilikuwa limefika juu ya paa, na taa zikacheza. Mkurugenzi akarudi nyuma hadi mlangoni. "Ng'oa waya! Sheria ni sheria, radi itakuua!"

Nilimwona akilini yule mama wa Kitui na sikio lake. Nilijua zaidi ya wote mle ndani radi hufanya nini kwenye waya. Mganga Mkuu akasema taratibu, "Sikuamuru. Ukitaka kung'oa, ng'oa."

Nje dereva alikuwa amewasha gari. Nikalisikia likiondoka bila mimi.

Nikapiga tena. Nilikuwa nimepandisha miguu juu ya kiti kwa hofu ya radi, na sikuona haya. Seva ikanipokea. Nikatoa jina, neno la siri, RETR na ile namba. Barua ikaanza mwanzo kabisa, na mistari niliyokwisha kuisoma ikapita polepole kama mazishi. Ngurumo ya pili. Kisha: "…msiwape aspirini, itazidisha damu. Hatujaona ugonjwa huu ukiambukizwa kutoka mtu hadi mtu, lakini wauguzi wavae glavu."

Sista wa wodi alikuwa kizingitini. Sijui alifika saa ngapi. Alishika kichwa, akasema, "Ngai, Mungu wangu! Tunawapa aspirini tangu jana," akakimbia kwenye mvua bila mwavuli.

Nikang'oa waya. Nikakaa chini sakafuni, nikalia.

Jioni ile wahudumu wawili waliotoroka walirudi, waliposikia kwamba ugonjwa hauambukizwi mtu kwa mtu. Wagonjwa wengi waliokuwa wodini walipona, wengine hapana. Musyoka aliletwa siku iliyofuata, akitetemeka, lakini akicheka.

"Mwana wa mwaitu," aliniambia kwa Kikamba chetu, yaani mwana wa mama yangu, "tangazo lako lilinikuta nimelala tayari." Mganga Mkuu alinieleza kwamba homa ilikuwa imemwingia siku kadhaa nyuma, na hata ningepanda lile gari nisingebadilisha kitu. Nilimwamini kwa kichwa. Moyo ulichukua muda wake.

Homa ilimtoka Musyoka, lakini ikamwachia kiwi cha macho. Katikati ya kila anachokitazama pana doa jeusi, hivyo yeye hukutazama kwa pembeni, kama kuku. Bucha aliiuza.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mna ujumbe mifukoni mwenu kutwa, na laini ikikatika mnalaani kampuni. Silalamiki. Ila mkiulizwa kazi yetu ilikuwaje, semeni ilikuwa kazi ya kungoja huku unaogopa, na kufanya linalofuata huku bado unaogopa.

Siku nilipostaafu, kanisa lilijaa. Mkurugenzi, sasa akitembelea mkongojo, alisimulia alasiri ile, akaniita shujaa asiyejua woga. Watu wakapiga makofi. Musyoka akainuka bila kuitwa, amegeuza uso kando ili anione.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Huyu aliogopa. Ameogopa tangu utoto, hata kuku walimfukuza. Asiyejua woga nilikuwa mimi, nikichinja na mikono mitupu."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakamwona anavyotafuta kiti chake kwa kupapasa, na kicheko kikakatika.